Rosa Mistika nimpe binti yangu au nisubiri kwanza?

SWALI: Habari za kazi dada mhariri, mimi ni msomaji wenu toka Tanga. Nina swali ila kwanza nitoe dukuduku langu. Riwaya nimeanza kusoma toka sekondari na mpaka leo sijaona iliyonishika kama Rosa Mistika ya Kezilahabi, nililia peke yangu chumbani, ya pili kwangu ni Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Nagona ya Kezilahabi huyo huyo nilijaribu ikanishinda. Hizi za siku hizi kusema ukweli naona nyingi ni mapenzi mapenzi tu, unawekewa kipande kipande kwenye simu halafu ikifika patamu unaambiwa lipia. Sasa binti yangu katimiza miaka 16 na anapenda sana kusoma, nataka nimpe Rosa lakini baba yake anasema kile kitabu kilishapigwa marufuku mashuleni kwa hiyo hakifai. Nimpe au nisimpe? Na akimaliza nimpe kipi?

JIBU: Dada yangu wa Tanga, mpe.

Shemeji yuko sahihi kwamba kilizuiwa, kilitoka 1971 na kwa muda hakikuruhusiwa mashuleni, ila mwambie pia kwamba baadae kilirudi na wanafunzi wakakisoma darasani kabisa. Waliokiogopa waliogopa yale mambo ya chuoni Morogoro, wanaume na mimba, wakati mimi ukiniuliza sehemu ngumu kuliko zote iko mwanzoni kabisa, pale Zakaria, baba yake Rosa, anapoikamata barua ya kijana Charles. Mtoto hajafanya kosa lolote, kaandikiwa barua tu na mwenzake, na baba ambaye pombe ndo kazi yake anampiga kipigo cha kutisha mbele ya mama yake na wadogo zake. Toka siku ile Rosa anamwogopa kila mwanaume, hajui hata kuongea nao, halafu huyo huyo ndo anakuja kuachiwa mwenyewe chuoni, sasa ulitegemea nini? Ndo maana nasema kitabu kile wanaopaswa kukisoma kwa makini zaidi ni wababa, na shemeji akiwa na jioni mbili tatu naomba akisome yeye kabla ya kukikataa.

Ila kitu kimoja usikipuuze. Rosa anajiua. Kwa hiyo usimwachie mtoto kitabu mezani ukaenda zako, someni pamoja, na kama binti anapitia kipindi kigumu subiri, kitabu hakikimbii. Hilo hilo nasema kwa Kichwamaji ya Kezilahabi, ya 1974, Kazimoto naye anaishia pabaya na mawazo yake ni mazito, hiyo iache mpaka awe mkubwa. Nagona wala usijilaumu, ni kijitabu chembamba cha 1990 lakini mwandishi humo kaamua kuachana na hadithi ya kawaida ya mtu na kijiji chake, ukikitafutia stori iliyonyooka huipati. Mimi nakipenda sana lakini simpi mtu kiwe cha kwanza.

Utengano umeniwahi, maana ndo ningekwambia uiweke pembeni ya Rosa. Bwana Maksuudi wa mle ndani ni Zakaria aliyevaa kanzu safi, nje anaheshimika, ndani binti yake Maimuna hajui hata mtaa wa pili ukoje. Na yule mama wa Maimuna, Tamima, uchungu umemshika, analetewa mkunga ambaye bwana hamtaki, kwa hilo tu anaachika! Nimekisoma nikiwa msichana na nimekisoma tena nikiwa mama na mara zote mbili nimekasirika vile vile.

Hapo sasa ndo tunapotofautiana mimi na wewe, hii habari kwamba baada ya hao wawili hakuna kitu. Hapana dada. Chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, 1999. Yasmin msichana wa Kihindi, mdogo, kaozwa Bwana Raza mwenye duka ambaye ni wa kumzaa, anatoroka, ndugu zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mtu wa Ng'ambo, ule upande wa mji wa Unguja, asiye na chochote zaidi ya chumba chake na ucheshi wake. Mimi huyu Mwajuma sijawahi kumsahau. Kila mtu anamsifia Denge na siasa zake dhidi ya Waingereza, na ni kweli Denge anasisimua, lakini bila Mwajuma kumfungulia mwenzake mlango hiyo hadithi isingekuwepo. Na Yasmin anachagua mwenyewe, anakosea, anachagua tena, na hafi kwa ajili hiyo! Kwa binti wa miaka 16 aliyetoka kumlilia Rosa hicho ndo kitabu cha pili, bila kusita.

Cha tatu, kwa vile nyinyi ni watu wa Tanga, Siku Njema ya Ken Walibora, 1996, inaanzia huko huko kwenu kwa Zainabu Makame mwimbaji wa taarabu, halafu kijana wake anakwenda Kenya mpaka Kitale kumtafuta baba. Kiswahili chake kitamu mno. Halafu Peponi ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, kijana Yusufu anachukuliwa kwa deni la baba yake akidhani anakwenda kutembea kwa ami.

Zile za kwenye simu nazo usimnyang'anye. Sisi wengine tuliingia kwenye kusoma kupitia riwaya za upelelezi, Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa, na walimu walikuwa wanatukataza hizo hizo.

Akimaliza Rosa muulize kitu kimoja tu, kati ya Zakaria na Deogratias, yule mchumba wa Rosa, nani mkosaji zaidi, halafu usimjibie. Jibu lake tuandikie tulitoe hapa, na la shemeji pia.