Kisiwa cha Watu 300 kwa Siku

Mhariri, juma hili mmewauliza wasomaji ni mahali gani walipowahi kuzuru ambapo wangetaka pabaki kama palivyo, na kama wangepewa ruhusa ya kubadilisha jambo moja tu hapo, wangebadilisha nini. Jibu langu ni Kisiwa cha Cumberland, katika pwani ya jimbo la Georgia nchini Marekani, ambacho nilikizuru mwezi Machi pamoja na mke wangu na binti yetu wa miaka 11. Jambo ambalo ningelibadilisha linawahusu farasi wake.

Kisiwa hicho hakina daraja. Mtu huvuka kwa kivuko kutoka mji mdogo wa St. Marys, safari ya dakika 45 hivi, akiwa amejifungia chakula chake, kwa sababu ng'ambo hakuna duka hata moja, na takataka zake hurudi nazo mwenyewe. Mpango wa usimamizi wa mwaka 1984 uliweka kikomo cha wageni 300 kwa siku, na kwa kisiwa chenye urefu wa kilomita 28 hivi, idadi hiyo humezwa na msitu mara tu watu wanaposhuka gatini. Tulipita chini ya mialoni mikubwa iliyotandwa na mimea ya kijivu inayoning'inia kama ndevu za wazee, tukatokeza kwenye vilima vya mchanga, kisha tukatembea ufukweni karibu saa nzima bila kukutana na binadamu. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na sikutarajia kuwa pwani ya Marekani ingenirudisha Shela ya utoto wangu.

Utulivu huo haukuja wenyewe. Mwaka 1968 mwekezaji Charles Fraser, ambaye tayari alikuwa amekigeuza kisiwa cha Hilton Head, jimbo la South Carolina, kuwa mahali pa nyumba za mapumziko na viwanja vya gofu, alinunua ardhi Cumberland akikusudia kuijenga. Wapo wazawa wa ukoo wa Carnegie, uliokuwa umemiliki sehemu kubwa ya kisiwa tangu miaka ya 1880, waliompinga wakishirikiana na watetezi wa mazingira, na mwaka 1972 Bunge la Marekani likakifanya kisiwa kuwa hifadhi ya taifa. Hata hivyo silipendi neno "pasipoguswa" ambalo wengi hulitumia kukisifu. Jumba la Dungeness la akina Carnegie, lililoungua mwaka 1959, bado limesimama kuta tupu; kwenye lililokuwa shamba la Stafford yamebaki mabomba ya moshi ya vibanda vya watumwa; na upande wa kaskazini kuna kanisa dogo la mbao, lenye asili yake mwaka 1893, la Waamerika Weusi walioishi huko baada ya utumwa. Kisiwa hiki kimeguswa sana, na farasi wenyewe ni alama mojawapo ya kuguswa huko.

Tuliwaona kwanza kwenye uwanja wa majani mbele ya magofu ya Dungeness: jike wa rangi ya kahawia na mtoto wake aliyekuwa bado hajazoea miguu yake mirefu. Kwa mbali walikuwa picha ya kupendeza. Tulisimama mbali nao kama mhifadhi alivyotuagiza, lakini jike yule alipopita njia yetu akielekea kwenye kinamasi cha maji chumvi, niliona mbavu zake zinahesabika, singa za shingoni zimeshikana kwa matope na ndani ya sikio kupe wamejaa kama punje za mtama. Binti yangu aliuliza, "Baba, daktari wao ni nani?" Sikuwa na jibu zuri la kumpa, kwa kuwa hawana. Kati ya makundi ya farasi wa visiwa vya pwani ya Atlantiki ya Marekani, hili ndilo lisilosimamiwa na mtu: hawapewi chakula, hawatibiwi, wala uzazi wao haudhibitiwi.

Wapo wanaosema kuwa hao ni wanyama wa porini na waachwe na asili yao. Hadithi maarufu husema waliletwa na Wahispania, lakini uchunguzi wa nasaba umeonyesha kuwa ni jamaa wa karibu wa farasi wa kufugwa, wakiwemo wa Kiarabu. Babu zao waliletwa na watu, wakafanyishwa kazi na watu, kisha wakaachwa. Na kwa kuwa lazima wale, hula nyasi za kinamasi na zile zinazoshika mchanga wa vilima, pwani ile ile ambayo kasa duvi hupanda kutaga mayai. Kwetu Lamu punda akionekana usiku akizurura kichochoroni peke yake, haipiti asubuhi kabla hajajulikana ni wa nani, na akiumia kuna zahanati ya punda ya kumpeleka.

Dawa ipo. Katika kisiwa cha Assateague, upande wa jimbo la Maryland, wahifadhi walianza mwaka 1994 kuwachoma farasi majike chanjo ya kuzuia mimba kwa mishale, na kundi likapungua taratibu bila farasi kuuawa. Ningependa Cumberland wafanye vivyo hivyo, na kikomo cha wageni 300 kisiongezwe hata mmoja.

Kivuko chetu kiliondoka saa kumi na moja kasorobo. Binti yangu alikaa nyuma na mfuko wetu wa takataka mapajani, akimtafuta yule mtoto wa farasi kwenye ukingo wa kinamasi mpaka miti ikawa mstari mmoja mweusi.