Barua kwa mwanangu: jamii iko wapi?

Lubumbashi, Kamalondo

Mama,

Nakuita hivyo kwa kuwa jina la mama yangu ndilo ulilobeba, na swali lako limenirudisha kwake. Umeniandikia kutoka Kinshasa kwamba profesa wenu wa sosiolojia, akimfuata Durkheim, mwanasosiolojia Mfaransa, alisema jamii ni kitu kilicho nje ya mtu, nacho humlazimisha. Wiki iliyofuata akawafundisha kwamba Weber, mwanasosiolojia Mjerumani, anaanza na mtu mwenyewe na maana anayoipa matendo yake. Ukaniuliza: "Baba, mimi nimeona watu tu. Hiyo jamii iko wapi? Na kati ya hao wawili, nimwamini nani?"

Jamii iko mdomoni mwako. Babu yako alitoka upande wa Luapula akizungumza Kibemba. Bibi yako alishuka kwenye treni kutoka Kamina, lugha yake Kiluba. Lugha waliyoposana nayo, wakagombana nayo, wakatulea nayo, haikuwa ya huyu wala ya yule. Kiswahili kilifika Katanga, huku kwetu, na watu wa misafara ya biashara, kisha kikashika mizizi kwenye kambi za migodi, hasa tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ilipoanza kuwapa wafanyakazi mikataba mirefu na kuwaacha waishi na wake zao. Watoto waliozaliwa humo walikikuta. Mimi nilikikuta hapa Kamalondo. Nawe ukakikuta, hakuna aliyekuuliza kama unakitaka.

Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1895 kuhusu kanuni za utafiti wa sosiolojia, alitoa mfano huo huo wa lugha, pamoja na pesa. Alisema hakuna anayemshika shingo azungumze Kifaransa na Wafaransa wenzake, lakini hana njia nyingine. Hilo ndilo jambo la kijamii: lilikuwepo kabla yako, na ukienda kinyume nalo, linakujibu. Siku ile huko Kinshasa ulipomwambia mpokea nauli kwa Kiswahili kwamba unashuka, basi zima likacheka. Tangu hapo, umeniambia, unaongea Kilingala hata na muuza mkate. Kicheko kile hakimo katika sheria yoyote, na Durkheim mwenyewe alikihesabu kuwa adhabu. Hapo usimsome mbio. Wengi wakisikia "kulazimisha" wanafikiria fimbo, kumbe shurti kubwa kuliko zote ni ile usiyoihisi. Ulipokuwa hapa nyumbani, Kiswahili hakikukubana popote.

Sasa Weber. Juzi tulikuwa na kilio, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kama kawaida mimi, mwalimu mstaafu, ndiye niliyekabidhiwa daftari la michango. Nilikaa chini ya mwembe, taa ya simu imeegemezwa kwenye kikombe, na usiku wa kwanza niliandika majina 41. Wanne walifuatana, kila mmoja faranga 5,000. Ukitazama daftari unaona mstari ule ule mara nne. Weber angeniambia niinue macho niwatazame watu.

Wa kwanza alitoa kwa sababu ndivyo tunavyofanya. Alikuwa bado anaongea na mwenzake wakati mkono unanipa pesa. Wa pili, rafiki wa marehemu, alitoa noti zote zilizokuwa mfukoni, akaziacha mezani. Mimi ndiye niliyezihesabu. Wa tatu ni mtu wa kanisa: kwake mjane husaidiwa kwa kuwa ni haki mbele ya Mungu, hata kama hutapata chochote. Wa nne ni mama anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, pale njia panda. Hakuondoka. Aliinama juu ya daftari, akafuata kalamu yangu kwa kidole, akasema, "Mwalimu, jina langu liandike lote." Mume wake ni mgonjwa. Anajua daftari kama hili litafunguliwa kwake, na watu watakumbuka.

Desturi, hisia, imani juu ya lililo jema, na hesabu ya lengo: hizo ndizo aina nne za tendo katika kazi kubwa ya Weber iliyotolewa baada ya kifo chake mwaka 1920. Yeye mwenyewe alionya kwamba ni nadra kukuta moja peke yake. Na ni kweli, maana yule mama wa makala, baada ya kuliona jina lake, alikwenda kukaa kwenye mkeka akalia kuliko ndugu wa marehemu.

Kwa hiyo nani wa kumwamini? Durkheim anakueleza kwa nini asiyechanga hupita barabara ya nyuma wiki nzima. Weber anakueleza kila mchango ulikuwa na maana gani kwa mwenye mkono. Ni maswali mawili. Mimi ningeanza na Weber, kwa sababu kabla ya kusema neno juu ya watu inafaa kwanza kuwasikiliza. Lakini ukiishia kwake, hutaelewa kwa nini watu 41 walikuja usiku mmoja bila kuitwa.

Marx, aliyeandika juu ya matabaka na mali, bado hamjamfikia. Atakuuliza mgodi ni wa nani, na nani ana mikono tu. Mji wetu, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ulijibu kwa ramani: Wazungu upande mmoja, Waafrika upande mwingine, katika mtaa ulioitwa Albert, ndio Kamalondo yetu, na katikati uwanda mtupu ulioachwa makusudi. Babu yako aliuvuka kila alfajiri kwenda kupika kwenye majiko ya watu. Neno "tabaka" hakulijua. Alilipima kwa miguu.

Kabla ya mtihani nifanyie jambo moja. Panda basi lile lile siku tatu na daftari dogo. Andika kila abiria analipa nauli kwa lugha gani, na kwa lugha gani anapokea simu ya nyumbani. Unitumie picha za kurasa hizo, mwandiko uwe mkubwa.

Baba yako