Usiuze nyumba ya Dodoma kabla hujakaa Newala mwezi wa Februari

Usiuze. Umeandika kwamba miaka yote ya kazi Dodoma haijakufanya uuone mji huo kuwa kwenu, kwamba kila ukirudi nyumbani Newala, kule Mtwara, msimu wa korosho roho inatulia, na kwamba mnunuzi wa nyumba yako ameshafika kuitazama. Msimamishe, ndugu yangu, kwa sababu mimi niliuza nyumba yangu ya Chamazi, Dar es Salaam, kwa hoja hizo hizo na leo nimepanga chumba Mbagala.

Newala unayoililia ni ya Oktoba hadi Desemba, wakati minada ya korosho imefunguliwa, malipo ya wakulima yanapita vyama vya msingi vya ushirika, mabati yanapakiwa kwenye pikipiki, na jioni mnakaa Shimo la Mungu mkitazama bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Yote hayo ni kweli. Lakini mkulima wa korosho hupata fedha yake kubwa mara moja kwa mwaka, na msimu ukishapita watu huishi kwa kukopeshana. Mgeni wa Desemba halioni hilo, hata kama kitovu chake kimezikwa pale.

Aliyenishawishi ni binamu yangu. Alinipigia simu usiku baada ya usiku akisema watu wana fedha ila hawana pa kununulia saruji, akanitumia picha za foleni ya malipo, akaniuliza nitawajengea wageni mji mpaka lini. Nikafungua duka la vifaa vya ujenzi mwaka 2018. Oktoba ile wakulima walikataa bei za mnadani kwa kuwa zilikuwa chini mno. Novemba serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na kwa kuwa kulikuwa na uhakiki wa wakulima kabla ya kulipwa, wengi walisubiri malipo hadi mwaka uliofuata. Mzigo wangu ulikuwa umeshatolewa, na daftari la madeni likajaa kabla ya droo ya fedha: shangazi, mifuko mitatu ya saruji, atalipa akilipwa korosho, mjomba, bati za chumba kizima, bila tarehe. Wewe ni mtu wa huko, unajua uzito wa mjomba kwetu. Dodoma mteja asipolipa unamfuata mlangoni kwake; Newala mlango huo ndio uliolelewa ndani yake, na ukidai, wanaoumia ni watu wale wale uliowarudia. Duka lilikufa kwa hilo kuliko kwa bei ya korosho, maana mwaka mbaya hupita, ila undugu haupiti.

Kinachonikera hadi leo ni kwamba binamu huyo ana duka lake Kariakoo. Yeye mwenyewe hushuka Newala Oktoba na kuondoka mwaka mpya ukiingia, na hajawahi kula masika moja kule tangu alipokuwa kijana. Watu wa aina yake wanakuambia nyumbani ni nyumbani huku funguo za mjini ziko mfukoni mwao.

Mapenzi yako kwa Newala siyatilii shaka. Mimi mwenyewe nikisikia lafudhi ya kwetu sokoni hugeuka. Ndiyo maana nasema kaa kule kwanza kuanzia Januari hadi Aprili, bila duka, bila kumkopesha mtu, ukila kinacholiwa na waliobaki. Pangisha nyumba ya Dodoma ili kodi ikulishe kipindi hicho. Kama kazi hairuhusu miezi yote hiyo, chukua likizo Februari badala ya Desemba, na usitangaze kwamba unakuja. Ukimaliza masika na bado hutaki kupanda basi la kurudi, basi tafuta mnunuzi. Huyu wa sasa mwambie asubiri hadi Mei, na kama hawezi kusubiri, aende akanunue kwingine.