Maswali yenu kuhusu mafuta: bomba la Tanga, bei na oili chafu

Maswali yalikuwa mengi. Nimeanza na yale yanayogusa watu wengi.

Kwa nini bomba la kutoka Hoima hadi Tanga linapashwa moto? (Msomaji, Muheza)

Kwa sababu mafuta ghafi ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Yakipoa huganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi, na hapo hayasukumiki. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Kabaale wilayani Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Njia nzima limevikwa tabaka la kuzuia joto lisitoke na kuwekewa nyaya za umeme, ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50 za Selsiasi. Kwa hiyo nishati nyingine inatumika kusafirisha nishati, usiku na mchana, na gharama hiyo huisikii watu wanapohesabu mapipa.

Tena linapita katika bonde la Ziwa Viktoria, ambalo mamilioni ya watu hunywa maji yake. Ukikutana na mbunge wako muulize: nani analikagua, mara ngapi, na mwananchi anaisoma wapi ripoti?

Mafuta yakipita kwetu, petroli itashuka bei? (Tanga mjini)

Usitegemee. Yanayopita ni mafuta ghafi ya kuuzwa nje, na Chongoleani hakuna kiwanda cha kuyasafisha. Petroli ya bodaboda yako inakuja kwa meli. Bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi hufuata soko la dunia, nauli ya meli, thamani ya shilingi mbele ya dola, na kodi. Faida ya nchi iko kwenye tozo ya kupitisha mafuta, ajira, na hisa za asilimia 15 za TPDC, shirika la mafuta la taifa, katika kampuni ya bomba.

Songo Songo kuna mafuta? (Kilwa)

Kisiwani hapo kuna gesi asilia. Iligunduliwa mwaka 1974 na tangu 2004 inazalisha umeme Dar es Salaam.

Nchi ifanyeje ili fedha za mafuta zisiyeyuke? (Kampala)

Kwanza ikubali kwamba pipa likishauzwa halirudi. Mafuta yametokana na viumbe vidogo vya majini vilivyofukiwa kwenye tope mamilioni ya miaka iliyopita. Hakuna msimu mwingine wa kuvuna. Norwei iligundua mafuta ya Ekofisk, chini ya bahari, mwaka 1969, ikatunga sheria ya mfuko wa akiba mwaka 1990, na ikaweka fedha za kwanza mwaka 1996. Tangu 2001 serikali inajiwekea kikomo: inachota kiasi kinacholingana na faida inayotarajiwa, mtaji unabaki kwa watoto. Nadhani somo kubwa liko kwenye kujizuia, maana mfuko usio na kikomo cha kuchota humalizwa na uchaguzi mmoja.

Fundi anamwaga oili chafu nyuma ya gereji. Mwingine ananiuzia nipake mbao za kenchi. Kuna ubaya? (Mbagala)

Upo, tena mkubwa. Oili iliyotumika ina chembe za metali kutoka kwenye injini na kemikali za masizi, baadhi zinazosababisha saratani. Ikimwagwa mchangani, mvua huishusha kuelekea visimani. Kwenye kenchi, unaipaka kwa mikono mitupu halafu unalala chini yake. Nunua dawa ya mchwa. Naye fundi aikinge kwenye dumu lenye kifuniko, asiichanganye na maji wala petroli, aipeleke kwa mkusanyaji mwenye kibali. Ikisafishwa hurudi kuwa oili nzuri. Mpe sharti hilo kabla hajafungua nati.

Lori la mafuta likipinduka, si bora tukinge kuliko yapotee? (Chalinze)

Hapana, ndugu yangu. Sachangwan nchini Kenya, Januari 2009: zaidi ya watu 100 walikufa. Sange, Kivu Kusini nchini Kongo, Julai 2010: zaidi ya 200. Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019: wapatao 100. Kote huko watu walikuwa wamekimbilia kukinga mafuta ya lori, moto ukalipuka.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unajaa mtaroni bila kuonekana, hadi ukutane na cheche ya pikipiki au sigara mita nyingi kutoka kwenye lori. Simama mbali, upande upepo unakotoka. Usiwashe chombo. Ukishafika mbali, piga 114, Zimamoto. Na wazuie vijana wanaokimbilia pale na ndoo, hata wakikutukana.