Mwanangu, mpashe kobe joto kwanza

Mwanangu,

Meseji yako niliiona jana usiku nikaisoma vizuri, nikasema hii siijibu kwa simu maana kwa simu tutabishana na utanikatisha kabla sijafika ninapotaka. Umeuliza kama umrudishe huyo kobe mdogo kwa aliyekupa, kwa sababu tangu uhamie naye hiyo nyumba mpya kazi yake ni kulala tu, hali, hatembei, kajibana kwenye kona na ukimgusa anarudisha kichwa ndani, basi. Unasema unaona kama hakupendi. Swali la kumrudisha naliweka pembeni kwanza mwanangu, nataka nikuulize mimi: hapo anapokaa pana joto kiasi gani?

Maana hujaandika. Umenieleza boksi, umenieleza majani uliyomchumia, picha umenitumia nyingi na nimezitazama zote, lakini joto hukulitaja hata kidogo. Na msimamo wangu unaujua tangu enzi za kobe wa bibi yako: joto kwanza, chakula baadaye. Kobe mwili wake hautengenezi joto kama wetu, analichukua nje, kwenye jua au kwenye taa, na akishapoa kila kitu kinapungua kasi, miguu inakuwa mizito, hamu ya kula inakata, na hata akijitahidi kula kile chakula kinakaa tumboni bila kusagika. Kumrundikia majani kobe aliyepoa ni kuinjika sufuria kwenye jiko ambalo hujaliwasha.

Kwa hiyo tafuta kipimajoto. Usikitundike ukutani, huko juu kobe hafiki, kiweke chini kabisa pale taa inapomulika, usawa wa mgongo wake. Kobe wengi wanaofugwa, hapo pa kuota joto panatakiwa pafike nyuzi 32 mpaka 35 hivi, na upande wa pili wa boksi uwe umepoa, 24 au 26, ili achague mwenyewe aende wapi. Hiyo ya kuchagua usiidharau, boksi likiwa la moto kote anakaukiwa na hana pa kukimbilia. Halafu kuna mwanga. Ulisema umemweka karibu na dirisha apate jua, sawa, lakini kioo cha dirisha kinazuia karibu miale yote ya UVB, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, na bila hiyo miale mwili wake hautengenezi vitamini D3, na bila D3 kalsiamu unayompa haimfaidishi, gamba na mifupa vinakuwa laini. Kwa hiyo jua awe analipata moja kwa moja ukiwa unamwangalia, na pawe na kivuli cha kujificha, au umnunulie taa ya UVB, na ujue taa hizo zinaendelea kuwaka vizuri machoni pako wakati miale yenyewe imeshafifia, ndo maana watu wanazibadilisha kila baada ya miezi 6 mpaka 12 kutegemea aina.

Sasa nikiandika haya namwona kobe wa bibi. Stori unaijua, lakini unaijua kwa mdomo wa baba yako mdogo na hapo ndo panaponiuma mpaka leo.

Ilikuwa ule msimu baridi ilizidi. Kobe alikuwa hajasogea pale nyuma ya tangi la maji, gamba baridi kama jiwe, kichwa kiko nje kidogo na macho yamefumba. Baba yako mdogo akamgusa kwa ncha ya kiatu, KIATU, akasema huyu keshakufa, akaenda kuchukua jembe. Shimo akalichimba kweli pale kwenye fensi. Mimi nilimwambia subiri mama aje, akanijibu eti wewe kobe umeanza kuwajua lini. Bibi yako akatoka, hakusema neno, alimchukua kobe kwa mikono miwili akamweka kwenye ngazi ya mlango pale jua la saa nne linapopiga, akakaa naye. Akaniambia nilete beseni na maji ya vuguvugu, nikapima kwa kiwiko kama maji ya kumwogeshea mtoto. Tukamweka, maji yamefika chini ya kidevu tu. Kwanza hakuna kitu. Baadaye jicho moja likafunguka, lina maji maji, likafumba tena. Halafu nikasikia kucha za mguu wa nyuma zinakwaruza chini ya beseni, kwaru, kwaru, taratibu, na akainamisha shingo akaanza kunywa, koo linapanda na kushuka, na nyuma akatoa ule uchafu mweupe mzito kama chokaa. Bibi yako akanitazama akacheka, ile cheko yake ya kifuani. Mimi nilitoa machozi na sioni aibu kusema.

Baba yako mdogo alikuwa amesimama pale pale na jembe lake. Na toka mwaka ule kila tukikaa watu wengi anasimulia kwamba yeye ndo aliyemgundua kobe yuko hai! Hata kwenye sherehe yako ya kuhitimu alisimulia, na wewe ukapiga makofi, sikulaumu maana ulikuwa hujui. Sasa unajua. Ni bibi yako, ni jua na maji ya vuguvugu.

Lakini usije ukaichukua stori hii ukajiambia basi ngoja nisubiri, kobe ni mgumu, atakuwa sawa tu. Yule wa bibi alikuwa mkubwa na akiba yake mwilini. Huyu wako ni mdogo, akiba hana, na mdogo anakauka haraka kuliko unavyodhani. Kwa hiyo hata akiwa amelala mwamshe taratibu, muogeshe kwenye maji ya vuguvugu dakika 15 au 20, yasipite kidevu, na usiondoke ukaenda kujibu simu. Kwa mdogo namna hiyo hata kila siku ni sawa kwa sasa. Uchafu mweupe ukitoka laini ni vizuri, ukiwa na punje punje kama mchanga ujue maji yamempungua. Udongo wa kwenye boksi nao uwe na unyevu kidogo chini, usiwe mkavu wa vumbi, na aweke kichwa chake mahali penye giza, hata chungu kilicholazwa ubavu kinatosha.

Na mengine mwache. Nakwambia umuogeshe afu nakwambia umwache, najua, lakini yote mawili ni kweli. Kobe aliyehamishwa hajui harufu ya hapo, hajui kivuli kinachopita ni cha nani, na wengi wanajificha siku kadhaa na wanasusa chakula bila ugonjwa wowote. Kumwinua kila saa uone kama yuko hai kunamtisha, na wageni wako wote kumshika shika ndo kabisa (na wakimshika wanawe mikono na sabuni, kobe anaweza kubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, hata akiwa mzima). Kama boksi lake ni la kioo ziba pembeni kwa karatasi, maana haelewi kwa nini anaona mbele na hapiti. Chakula kiweke asubuhi akishaota joto, majani na magugu ambayo hayajapuliziwa dawa, ua la hibiskasi linawavutia wengi kwa ile rangi. Usimlazimishe kwa kumfungua mdomo, chakula kikiingia njia ya hewa umeleta balaa lingine.

Ila nikikaa nikifikiria naona tena huku kumwacha kuna mpaka. Chukua mizani ya jikoni, mpime mara moja kwa wiki kabla hajala, andika. Uzito ukishuka na kuendelea kushuka si ugeni tena. Ukiona mapovu puani, macho yamevimba au hayafunguki, anahema mdomo wazi, au ukimwinua miguu inaning'inia haina nguvu ya kukusukuma, usinipigie mimi wala usingoje wiki iishe, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua hawa watambaao, na ubebe kinyesi kibichi akipime minyoo. Gamba la mtoto wa kobe linabonyea kidogo, hilo lisikutishe peke yake, ila likizidi kulainika mwambie daktari. Hata hivyo joto kwanza, chakula baadaye, maana hata dawa kwenye mwili uliopoa haifanyi kazi sawasawa.

Na yule aliyekupa muulize, hilo nashangaa hujafanya. Ni kobe wa aina gani, maana wa nyika kavu na wa msituni hawatunzwi sawa, kuna wanaolala msimu mzima wa baridi na kuna ambao wakilazwa wanakufa. Alikuwa anamwekea joto la ngapi, taa gani, alikuwa anakula nini. Inawezekana kule alikuwa anakula jani moja tu kila siku na hayo yako mapya hayajui kama ni chakula.

Haya, kumrudisha. Jibu ninalo mwanangu na liko mdomoni hapa, nimeliandika juu nikalifuta. Nikikwambia mrudishe utamrudisha kwa sababu mama kasema, na nikikwambia baki naye utabaki naye kwa sababu hiyo hiyo, na kobe si mnyama wa kubaki naye kwa sababu ya mama. Wengi wanapita miaka 50. Yule kobe mkubwa Jonathan wa kisiwa cha Saint Helena alipelekwa pale 1882 akiwa tayari mtu mzima, wanakadiria alianguliwa karibu 1832, hebu fikiria amepita mikono mingapi. Huyo wako akipona anaweza kukuona mpaka uzeeni. Kwa hiyo uamuzi ni wako, ila usiuamue wiki hii wakati kobe amepoa, maana huyo unayemwona kwenye kona hujamjua bado, utakuwa unamrudisha kobe ambaye hujawahi kumwona akitembea. Eh, nimeshasema nusu. Basi nusu hiyo ichukue, nyingine utaniuliza akishaanza kula.

Leo jioni kabla hujazima taa pima joto sehemu zote mbili, ya kuota na ya kupoa, kisha pima tena alfajiri ujue usiku linashuka mpaka ngapi, unitumie hizo namba. Picha zinatosha.

Mama yako