Kuhusu Lipiko la Babu Yako

Mikindani, Mtwara

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea, na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mama yako naye aisikie. Umenieleza kwamba tangu ufike Leipzig, Ujerumani, umekuwa ukikusanya sanaa za jadi za mataifa mengi, wanasesere wa mbao wa Urusi na barakoa za Meksiko zikiwemo, na unaniuliza utawezaje kutambua kitu cha kale cha kweli, na kama ninaweza kukutumia lipiko la babu yako, kile kinyago chetu cha Kimakonde cha kuchezea ngoma, lililoko Newala.

Kwa vitu vya Urusi na Meksiko sina ujuzi, hivyo nitasema juu ya vya kwetu, ambavyo umesema unaviona katika masoko ya mitumba huko. Mchongo wa mpingo wa mtindo wa Kimakonde uitwao shetani ukiuzwa kwa madai kwamba una miaka mia mbili, usinunue, kwa sababu mtindo huo ulianza miaka ya 1950 kwa mkono wa Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka Msumbiji, na ulichongwa kwa ajili ya kuuzwa. Mpingo wenyewe ni mzito hata huzama majini. Mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu huelea. Lipiko, kinyume chake, huchongwa kwa mti mwepesi, kwa kuwa mchezaji hulivaa kichwani kama kofia, akiliinamisha nyuma na kuona njia kupitia mdomo wa kinyago. Kwa hiyo tazama mdomo kwanza: ukiwa umezibwa, kinyago hicho hakikupata kuchezwa. Kisha tazama ndani, mahali ambapo jasho la kichwa huacha mbao ikiwa laini na nyeusi. Nywele za mtu zilizobandikwa na chale za nta usoni ni alama nzuri, ingawa mafundi wa leo nao wanaziweka.

Hata hivyo, ukale pekee usikuridhishe. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakachukua kinyago cha Kimakonde pamoja na vitu vingine. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilinunuliwa na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na hakikurudi nyumbani hadi mwaka 2010. Kilikuwa cha kale na cha kweli kabisa, na bado kilikuwa mali ya wizi. Muulize kila muuzaji alikipata kwa nani, na huyo alikipata wapi; asipokuwa na jibu, kiache hapo hapo hata kama moyo unakuuma.

Swali hilo uliulize pia hapo mjini kwako. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Lindi, akapanda hadi Masasi na Newala akikusanya vyombo, vinyago na sauti za nyimbo, wakati Vita vya Maji Maji vilikuwa havijatulia, naye akisafiri na askari. Sisemi kwamba aliiba. Ninajiuliza tu, na jambo hili limenisumbua kwa miaka mingi, ni mwanakijiji gani wa wakati ule aliyekuwa na nguvu ya kumwambia mgeni wa namna hiyo kwamba kitu chake hakiuzwi. Nenda katika Makumbusho ya Grassi hapo Leipzig, uyasome maandishi yaliyowekwa kando ya vitu kabla ya kuvitazama vitu vyenyewe.

Sasa lipiko la babu. Mwanangu, si langu. Kwa desturi yetu ukoo hufuata upande wa mama, na babu yako alipofariki lilikwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, ambaye hadi leo hulitoa vijana wanapotoka jandoni. Nikilichukua nitakuwa nimemnyang'anya yeye pamoja na vijana ambao bado hawajalicheza, na wewe utakuwa na kinyago ukutani ambacho huwezi kumwambia mgeni kilifikaje hapo.

Ukija likizo baada ya mavuno, tutapanda Newala pamoja, utamwamkia yeye kwanza, kisha utasimama uwanjani na watu wengine ngoma zikianza. Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama korosho zilifika.

Ni mimi, baba yako.