Muulizeni kichwa kimeanza saa ngapi

Nyinyi mnaoanza zamu zenu Pemba, akiletwa mtu aliyeumwa kichwa kwa ghafla, kama aliyepigwa nyundo, muulizeni kimeanza saa ngapi. Msikubali "tokea jana". Wengi hawaangalii saa, lakini adhana wanaikumbuka: ilikuwa kabla ya magharibi au baada ya isha?

Kisha, kama ni saa mbili usiku, andikeni 20:00. Mimi niliwahi kuandika "saa 2" kwenye barua ya rufaa, nikikusudia saa mbili usiku. Mwenzangu wa Unguja akaisoma kuwa saa nane usiku. Saa sita zikapotea kwa kalamu yangu mwenyewe.

Saa hizo zina thamani. Mshipa wa ubongo uliovimba, yaani anurizimu, ukishapasuka huweza kuvuja tena, na hatari ni kubwa zaidi ndani ya saa 24 za mwanzo. Kuvuja mara ya pili huua wengi. Kwa hivyo lengo ni kuuziba ndani ya saa hizo, kwa klipu, kibanio kinachobana uvimbe kwa nje, au kwa koili, waya laini unaoujaza kwa ndani. Hapo waachieni wapasuaji wabishane. Hata CT skani, yaani picha ya ubongo, inataka saa: ndani ya saa 6 damu iliyovuja haijifichi kwa urahisi, lakini siku zikipita hufifia, na picha safi haitoshi kumrudisha mtu nyumbani. Hapo hupimwa maji ya uti wa mgongo.

Kuna na wale wanaofika siku ya sita tangu mshipa upasuke, waliozungushwa kwanza huku na huku. Kuanzia siku ya 4 hivi hadi ya 14 mishipa hubana na ubongo hukosa damu. Dawa ya nimodipini, miligramu 60 kila baada ya saa 4, kwa siku 21, ndiyo kinga yao. Utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 3,521, uliochapishwa 1990, ulionesha matokeo mabaya zaidi kwa waliopasuliwa siku ya 7 hadi ya 10.

Kosa ninaloliona sana ni kumkimbilia aliyezimia, na anayezungumza akaambiwa asubiri boti ya kesho. Hali ya mgonjwa anapofika ndiyo inayotabiri zaidi atakavyotoka, na huyu anayezungumza ndiye mwenye mengi ya kupoteza usiku huo. Tena ndiye atakayekwambia, "Daktari, nishapata nafuu, niache n'ende zangu." Msimwache.